Kitabu Mkononi, Mwandishi Mbele Yako: Mwongozo wa Mahojiano ya Kina

Mwaka 2020 tulimpoteza Euphrase Kezilahabi mwezi Januari na Ken Walibora mwezi Aprili. Riwaya zao, Rosa Mistika ya Kezilahabi na Siku Njema ya Walibora, zitaendelea kusomwa madarasani, na kila kizazi cha wasomaji kitakuja na maswali yake, ila wenye majibu wameshaondoka. Nagona, aliyoitoa Kezilahabi mwaka 1990, mpaka leo inawatoa wasomaji jasho. Ilikuwaje mtu aliyeanza mwaka 1971 na kisa cha binti wa Ukerewe, kilichosimuliwa waziwazi, akafika kwenye riwaya fupi iliyojaa mafumbo kiasi kile? Wahakiki wameandika mengi juu ya swali hilo, na wataendelea kuandika. Mimi naamini sehemu ya jibu ilikuwa ya kupatikana kwa alasiri moja tulivu, kitabu kikiwa mezani na mtu aliyekisoma vizuri akiuliza.

Waandishi wetu huhojiwa, lakini mara nyingi ni siku ya uzinduzi, siku ya tuzo, au siku ya kuagwa kwa mwenzao. Huulizwa walizaliwa wapi, walisoma shule gani, nani aliwavutia, na wana wosia gani kwa vijana. Kitabu chenyewe, sura kwa sura na sentensi kwa sentensi, hakiguswi. Mwongozo huu unakufundisha kukigusa. Umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Kiswahili, mtangazaji wa redio ya jamii, mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwanachama wa klabu ya vitabu, au msomaji yeyote mwenye simu inayorekodi na mwandishi anayeishi mtaa wa pili. Huhitaji kitambulisho cha uandishi wa habari, bali kuwa umesoma.

Mahojiano ya kitabu si mahojiano ya mwanasiasa

Elewa jambo hili kwanza, maana mengine yote yanalitegemea. Mwanasiasa unamhoji ili upate alichokificha. Mwandishi hajaficha kitu. Kila alichotaka kusema amekichapa, na kinauzwa dukani. Unachokwenda kutafuta ni kile ambacho kitabu hakiwezi kukueleza: kilitengenezwaje, ni njia zipi nyingine zilikuwepo zikaachwa, ni ukurasa upi uliomshinda, ni lipi amebadilisha mawazo juu yake tangu kitoke. Mwandishi akihisi unamvizia, atajifunga. Akiona umekuja kuzungumzia kazi yake kama fundi anavyozungumza na mtu anayezijua mbao, utashangaa atakavyofunguka.

Nchini Marekani, Brian Lamb aliendesha kipindi cha televisheni cha Booknotes kuanzia mwaka 1989 hadi 2004: mwandishi mmoja, kitabu kimoja, saa nzima. Alikuwa akikisoma kitabu chote kabla ya kipindi, na maswali yake yalikuwa mafupi, mengine ya kawaida kabisa. Nchini Ufaransa, Bernard Pivot alizungumza na waandishi kuhusu vitabu vyao katika Apostrophes tangu 1975 hadi 1990, na watu walikaa nyumbani Ijumaa usiku kumtazama. Wote wawili hawakujifanya wahakiki. Walikuwa wasomaji waliojiandaa, wakiuliza kwa niaba ya wasomaji ambao bado hawajakifungua kitabu.

Hatua ya kwanza: chagua kitabu, halafu mtu

Kosa la wengi ni kuanza na jina kubwa. Wanasema, "Nataka kumhoji fulani," kisha wanaanza kutafuta aliandika nini. Anza na kitabu kilichokusumbua: kilichokufanya ubishane na rafiki, au ukirudie, au ukasirike. Hamu yako ya kweli ndiyo itakayobeba saa nzima ya mazungumzo.

Tena, chagua kitabu kimoja, au viwili vinavyoshikana. Mwandishi mwenye vitabu kumi ukimzungusha vyote atakupa sentensi mbili mbili za kila kimoja, na utatoka na orodha badala ya mahojiano.

Na ikiwa mwandishi yuko mbali, au hayupo tena duniani? Mtafute mfasiri, mhariri, au mchoraji wa jalada. Mfasiri hasa, kwa sababu hakuna msomaji anayekisoma kitabu polepole kuliko yeye. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi Tanzania walikuwa hawajamsoma, kwani anaandika kwa Kiingereza. Mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise, iliyotoka mara ya kwanza 1994, ikaja kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, mikononi mwa Ida Hadjivayanis. Hapo kuna mahojiano ya kina yasiyomhitaji hata mshindi wa Nobel mwenyewe: wafanyabiashara wa pwani na misafara ya bara katika kitabu kile wamezungumza Kiingereza kwa karibu miaka 30, walipoanza kuzungumza Kiswahili, nani kati yao alibadilika zaidi? Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaongeaje na tajiri wake? Mfasiri amelazimika kuamua hayo yote, mstari kwa mstari.

Hatua ya pili: soma mara mbili, na namna ya kusoma

Msomaji wa kawaida husoma mara moja, nawe usipozidi hapo utauliza maswali ya kila mtu. Mara ya kwanza soma kwa raha, bila kalamu. Mara ya pili ndiyo ya kazi:

1. Soma kwanza vile ambavyo wengine huviruka: tabaruku, shukrani, dibaji, tarehe ya toleo la kwanza, jina la mchapishaji. Tabaruku peke yake inaweza kukupa swali la nusu saa.
2. Weka alama kila mahali mwendo wa kitabu unapobadilika: msimulizi anapogeuka, miaka inaporukwa, mhusika anapopotea bila maelezo.
3. Chagua aya tatu unazozipenda na moja unayoona haijakaa sawa. Ziandike kwa mkono katika daftari. Kuandika kwa mkono kunakuonyesha ujenzi wa sentensi ambao macho peke yake hayauoni.
4. Andika kwa sentensi tano, kwa maneno yako, kitabu kinasema nini. Ukishindwa, rudi usome.
5. Tafuta mahojiano yake ya zamani na uyasome. Lengo ni kujua yapi yameshajibiwa, usimchoshe mtu kwa swali analolijibu kila mwaka.

Katika orodha hii, namba 1 na namba 5 ndizo zinazorukwa mno, na ndizo zinazoaibisha. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Katika utangulizi mwandishi anaweka wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, si nakala ya mtu wa historia. Anayemwendea mwandishi wa tamthilia kama hiyo na swali "Je, haya yalitokea kweli?" anamwambia tu kwamba utangulizi hakuusoma. Aliyeusoma anaanzia pale utangulizi ulipoishia: "Umesema Kinjeketile wako si yule wa historia. Ni jambo gani la historia ulilolijua, ukaliacha makusudi? Lilikuwa linaharibu nini?"

Hatua ya tatu: tengeneza maswali

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Saa unazozitumia kwenye maswali ndizo utakazozikuta kwenye majibu.

Kanuni ni moja: swali zuri lina ukurasa wake. Kama swali lako linaweza kuulizwa kwa mwandishi yeyote wa kitabu chochote, lifute. "Nini kilikusukuma kuandika?" linaulizika kwa kila mtu, hivyo jibu lake nalo litakuwa la kila mtu.

Tuchukue Kuli ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979 inayotumia mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa 1948. Mwandishi alizaliwa mwaka 1940. Weka tarehe hizo mbili pamoja na swali linajitokeza lenyewe: mgomo ulimkuta mtoto wa miaka 8 hivi. "Lugha ya bandarini, uchovu wa mabega, namna makuli wanavyozungumza na msimamizi na wanavyozungumza wenyewe kwa wenyewe, uliyapata kwa nani? Ni nani aliyekusimulia, na ulimwambia kwamba utayaandika?" Swali hilo halihitaji nadharia yoyote, bali kusoma jalada la nyuma na kufanya hesabu ndogo.

Au Vuta n'kuvute, ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1999. Yasmin anaanza kama msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee. Baadaye anampenda Denge, kijana wa siasa za kudai uhuru, na riwaya inakuwa kubwa kuliko ndoa yake. "Ulimpata nani kwanza, Yasmin au Denge?" Maneno machache, lakini yanamtaka mwandishi arudi mwanzo kabisa, kabla kitabu hakijawa kitabu. Na kwa kuwa Amil Shivji ameitengenezea filamu iliyotoka 2021, lipo swali la pili: ni nini kwenye riwaya ambacho kamera haikuweza kukichukua?

Sasa mtego ninaouchukia kuliko yote: kisa kinachong'aa kuliko kitabu. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya karatasi ya kisiasa iliyoitwa Kenya: Twendapi? Gerezani akatunga mashairi, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za namna hiyo alipozuiliwa gereza la Kamiti mwaka 1978. Visa hivi ni vya kweli na vinastahili kusimuliwa. Lakini mhojaji akishazisikia habari za karatasi huridhika, na mashairi yenyewe yanabaki hayajaulizwa. Mtu yuko peke yake kifungoni, amenyang'anywa kila kitu: kwa nini achague vina na mizani, masharti juu ya masharti? Arudhi ilimfunga zaidi au ilimshika asianguke? Hilo ndilo swali ambalo mpenzi wa ushairi angetoka Tanga mpaka Mombasa kwenda kulisikia likijibiwa.

Waandishi wanawake hupatwa na mtego wa aina yake. Penina Muhando aliandika Nguzo Mama, tamthilia ambayo wanawake wa Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo. Ni rahisi kutumia saa nzima kumwuliza kuhusu hali ya mwanamke, kana kwamba aliandika ripoti. Muulize kuhusu jukwaa: nguzo hiyo alitaka iwe na ukubwa gani mbele ya watazamaji? Waigizaji walimshangaza wapi? Hali ya mwanamke itaingia yenyewe, tena kwa mlango ulio bora.

KISANDUKU: KUTOKA SWALI DHAIFU HADI SWALI LA UKURASA

Dhaifu: Ujumbe wa kitabu chako ni upi?
Bora: Mhusika huyu anasamehewa ukurasa wa mwisho. Uliwahi kuandika mwisho ambao hasamehewi?

Dhaifu: Ulikutana na changamoto gani?
Bora: Ni sura ipi uliyoiandika mara nyingi kuliko zote? Ya kwanza ilikuwaje?

Dhaifu: Unaonaje hali ya Kiswahili leo?
Bora: Wazee katika kitabu hiki wanaongea Kimvita na vijana wanaongea Kiswahili cha mjini. Mhariri alikubali mara moja, au mlivutana?

Dhaifu: Je, mhusika mkuu ni wewe?
Bora: Ni kitu gani ulichompa mhusika huyu kutoka kwako, na ni kitu gani ulikataa kumpa?

Andika maswali 20, kisha chagua 8. Yapange hivi: anza na swali jepesi lenye ukurasa wake, ili mwandishi ajue umesoma. Katikati weka yanayohitaji kufikiri. Swali gumu, lile linalohusu udhaifu wa kitabu au jambo linalomgusa, liweke baada ya theluthi mbili ya muda, mkiwa mmeshazoeana, na kabla hajachoka.

Ukiwa unamhoji mwanafikra

Kitabu cha hoja kina taratibu zake, kwa sababu hapa unapima wazo. Kabla ya kulihoji wazo, lieleze wewe kwa maneno yako na umwulize mwenyewe: "Nimekuelewa sawasawa?" Akisema hapana, mshukuru na umwache arekebishe, hapo umeshapata kitu ambacho kitabu hakina.

Kisha mletee pingamizi lenye uzito kuliko yote, kwa jina la mwenye nalo. Ngũgĩ, katika Decolonising the Mind ya 1986, alitoa hoja kwamba mwandishi wa Kiafrika aandike kwa lugha za Kiafrika. Chinua Achebe alikuwa ametetea haki ya kukitumia Kiingereza na kukigeuza kibebe mambo yetu. Mhojaji anayeuliza "Kwa nini lugha za Kiafrika?" atapewa hotuba. Anayeuliza "Achebe alisema hivi, ni sehemu gani ya hoja yake inayokupa tabu mpaka leo?" atapata fikra inayotembea. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, kwa hiyo swali hilo sasa ni la wanafunzi wake na wapinzani wake, na wapo.

Mwombe pia mfano kila anapopanda juu. Akisema "ukoloni mamboleo", mwambie: "Nipe siku moja, mahali pamoja, ulipouona." Maneno makubwa hayamsaidii msikilizaji wa redio anayepika huku anasikiliza.

Hatua ya nne: kumfikia

Mwandishi hukubali akiona mambo matatu: umesoma, unajua unachotaka, na hutamchukulia siku nzima. Yaseme yote katika ujumbe mmoja mfupi. Kama ni mtu mzima, tanguliza heshima inayomstahili pale alipo: shikamoo, Mwalimu, Maalim, Mzee, Bi, Profesa. Ukimjua mwanafunzi wake wa zamani au jirani yake, pitia kwake kwanza. Mlango uliofunguliwa na mtu wa nyumbani haufungwi upesi.

KISANDUKU: UJUMBE WA MFANO

Shikamoo, Mwalimu. Naitwa (jina), nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tanga. Nimesoma (kitabu) mara mbili, na nina maswali kuhusu sura ya nne, pale msimulizi anapobadilika. Naomba nije nikusikilize kwa saa moja na nusu, siku na mahali utakapopenda, nikirekodi kwa simu kwa idhini yako. Mazungumzo yatatumika kwenye (taja mahali). Kabla ya kuyatoa nitakuletea uyapitie. Ahsante sana kwa kitabu hiki.

Baadhi watataka maswali kwa maandishi. Usiwalaumu. Vladimir Nabokov hakukubali kuhojiwa bila maswali kupelekwa mapema, na mwaka 1975 alipokaa mbele ya Pivot alikuwa akisoma majibu yake kwenye kadi zilizofichwa nyuma ya vitabu. Mazungumzo hayo bado yanatazamwa. Peleka mada nne au tano na kurasa zake, ubaki na maswali ya ufuatiliaji moyoni. Akitaka kujibu yote kwa maandishi tu, kubali, lakini omba angalau dakika 20 za simu baadaye kwa ajili ya kufafanua.

Akikataa, shukuru na uache. Wapo waandishi waliochagua kunyamaza na kuacha kazi iseme. Kumwandama mzee kwa simu kumi ni kumvunjia heshima, na kunawafungia mlango wanaokuja nyuma yako.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Vifaa nitavipitia haraka, maana si vya kutisha. Simu mbili, zote zikirekodi, zote zikiwa katika hali ya ndege ili asipige mtu. Ziweke karibu na mdomo wake, kama shubiri moja na nusu, juu ya kitambaa. Zima feni na redio. Rekodi dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Nyumba ya bati na mvua haviendani; ukiona mawingu, omba mhamie chumba chenye dari. Chagua saa isiyogongana na sala, na mwezi wa Ramadhani usimchokoze mtu alasiri.

Kisha:

1. Anza kwa kurekodi tarehe, mahali, majina yenu, na sauti yake mwenyewe ikitoa idhini.
2. Weka kitabu mezani, kikiwa na vikaratasi vyako. Akikiona kimechakaa ameshajua nusu ya nia yako.
3. Mwombe asome aya moja kwa sauti. Hili usilikose. Sauti ya mwandishi akisoma maandishi yake ni hazina, na mara nyingi atasimama katikati na kusema jambo ambalo hakuna swali lingelitoa.
4. Uliza swali moja kwa wakati. Ukiunganisha matatu, atajibu lililo rahisi.
5. Akimaliza kujibu, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujasema neno.

Namba 5 hii, ya kunyamaza, ni ngumu kuliko zote. Robert Caro, mwandishi wa wasifu wa Lyndon Johnson, ameeleza katika kitabu chake Working cha 2019 kwamba akiwa anahoji hujiandikia kwenye daftari herufi mbili za kujiamuru anyamaze, na madaftari yake yamejaa herufi hizo. Mtu akinyamaza mara nyingi anatafuta, naye akipewa nafasi hupata. Kwetu ukimya mbele ya mzee una adabu ndani yake, hivyo sisi tuna faida.

Usilishike daftari la maswali kama mtihani. Jibu likifungua njia ambayo hukuipanga, ifuate. Maneno "Tafadhali endelea" na "Hapo sijaelewa, Mwalimu" ni maswali kamili.

Ukiwa nyumbani kwa mtu mzima, watoto au wajukuu wanaweza kumjibia: "Babu hakumbuki hayo." Wasikilize kwa heshima, kisha mrudie mwenyewe kwa ukurasa: "Babu, hapa uliandika hivi." Ukurasa huamsha kumbukumbu kuliko tarehe. Ukiletewa chai, kunywa. Na jiandae kwa jambo ambalo hutokea karibu kila mara: ukishazima simu na kuvaa viatu mlangoni, ndipo anasema lililo zito. Usiliibe. Muulize, "Hili naweza kuliandika?" Akisema ndiyo, liandike hapohapo.

Makosa yanayoua mahojiano

Kusifu mno: mwandishi aliyesifiwa dakika kumi huanza kuilinda sifa yake badala ya kusema kweli.

Kujibu wewe: swali lenye dakika mbili za maelezo yako halina nafasi ya jibu.

Kumsukuma akufasirie kitabu chake: ukimwuliza "Maana ya ndoto ile ni nini?" unamnyima msomaji haki yake, na wengi watakataa, kwa sababu nzuri. Uliza ndoto iliingiaje kitabuni.

Kufananisha bila kusoma: "Unafanana na Shaaban Robert" ni sentensi ya kusemwa na aliyewasoma wote wawili karibuni.

Kuogopa swali gumu. Kama unaona sura ya mwisho imeharakishwa, sema, kwa ushahidi: "Miaka 20 ya kwanza umeipa kurasa 200, kumi ya mwisho kurasa 15. Kwa nini?" Mwandishi makini anaheshimu jicho hilo kuliko makofi.

Hatua ya sita: kutoka sauti hadi maandishi

Saa moja ya sauti hukuchukua saa nne au zaidi kuinukuu, hasa kukiwa na kelele. Fanya ndani ya wiki, kumbukumbu ikiwa mbichi. Programu za simu zinaweza kukupa rasimu, lakini kwa lahaja zinakosea vibaya. Sikiliza mwenyewe kila neno.

Unaruhusiwa kuondoa kigugumizi, marudio, na "yaani" za kujazia. Unaruhusiwa kusogeza jibu likae karibu na swali lake. Huruhusiwi kuongeza neno ambalo hakulisema, wala kumnyooshea lahaja. Mpemba aliyesema kwa Kipemba asitoke kwenye karatasi yako akiongea kama taarifa ya habari. Namna anavyoongea mwandishi ni sehemu ya ushahidi wa namna anavyoandika. Akichanganya Kiingereza, acha pale palipo na uzito, na kwingine mwombe yeye achague neno la Kiswahili atakaposoma nakala.

Je, umwonyeshe nakala? Mwandishi wa habari za siasa atakuambia hapana kabisa. Katika mahojiano ya vitabu upo utamaduni mwingine: jarida la The Paris Review, lililoanzishwa mwaka 1953 na kujulikana dunia nzima kwa mahojiano yake na waandishi, huwapa wahojiwa nafasi ya kuipitia na kuisahihisha nakala. Mimi nauunga mkono, kwa mipaka: arekebishe majina, tarehe na sentensi isiyoeleweka, aongeze alichosahau. Akitaka kufuta jibu zima la swali gumu, zungumzeni. Usifute kimyakimya na usichapishe kibabe. Mpaka huu mweleze siku ya kwanza.

Utangulizi wako uwe mfupi: kitabu ni kipi, kilitoka lini, mlikutana wapi. Mwaka 1972 yalichapishwa kwa jina la African Writers Talking mazungumzo ya redio ya miaka ya 1960 na waandishi kama Achebe, Soyinka na Ngũgĩ wakiwa bado vijana. Wanafunzi wanayatumia mpaka sasa kwa sababu wahojaji waliwaacha waandishi waongee. Kiswahili kinastahili rafu yake ya namna hiyo, na yanayoweza kuijaza ni mazungumzo madogo kama hayo unayojiandaa kuyafanya.

Orodha ya kukagua

Kabla:
☐ Nimesoma kitabu mara mbili, pamoja na tabaruku na dibaji
☐ Nimesoma mahojiano yake ya awali
☐ Maswali 8, kila moja na ukurasa wake
☐ Swali gumu moja, na ushahidi wake
☐ Nimekubaliana naye kuhusu matumizi na kuhusu kuipitia nakala

Siku yenyewe:
☐ Simu mbili zenye chaji na nafasi, na betri ya akiba
☐ Kitabu, daftari, kalamu mbili
☐ Idhini imerekodiwa
☐ Amesoma aya kwa sauti
☐ Nimemwuliza: "Kuna nilichopaswa kukuuliza ambacho sikukuuliza?"

Baada:
☐ Sauti imehifadhiwa mahali pawili usiku uleule
☐ Nakala imenukuliwa na imepitiwa naye
☐ Amepata toleo lililochapishwa au kiungo cha kipindi, pamoja na shukrani
☐ Sauti kamili, isiyokatwa, imepelekwa maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu au idara ya nyaraka, faili likiwa na jina lake, jina la kitabu, tarehe na mahali, na karatasi ya idhini ikiwa pamoja nayo